Chuma Kifuani na Radi za Shinyalu

Tulipomaliza matanga ya Kukhu, mama aliniita chumbani mwa marehemu akanipa bahasha ya kaki iliyochakaa hadi ikawa laini kama kitambaa. Alisema ameikuta chini ya godoro, na kwa kuwa ndani ni kifua changu, basi nikichukue, yeye hana pa kukiweka. Ndivyo mama alivyo, hata siku ya kulia hakosi neno. Niliitoa ile picha ya eksirei nikaisimamisha kwenye dirisha. Mbavu za mtoto wa miaka kumi, nyembamba, zimepangana vizuri, na katikati yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, upinde mmoja mweupe kuliko mifupa yote. Nilikaa kwenye kitanda cha Kukhu. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto wangu na kazi yangu, lakini viganja vilinitoka jasho vile vile vilivyokuwa vikinitoka zamani zile.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wa Shinyalu hamhitaji kuelezwa mvua ya kwetu. Asubuhi jua linawaka hadi unaanika mahindi bila wasiwasi. Saa nane mchana anga juu ya msitu linaanza kuiva. Saa tisa watu wanakimbizana kuanua. Mvua ya kwetu hainyeshi tu, inapiga. Inakuja na mawe yanayotoboa migomba na kupukutisha majani ya chai, na radi inayopasuka hadi vikombe vinagongana mezani.

Kukhu, yaani bibi yetu mzaa baba, alikuwa na sheria moja ambayo hata baba, dereva wa trela za miwa huko Mumias aliyejiona haambiliki, hakuthubutu kuivunja. Mawingu yakianza kuwa meusi, kila chuma kinatoka ndani ya nyumba. Jembe, panga, sufuria, vijiko, jiko la makaa, hata sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa. Vyote vinapelekwa kwenye kibanda cha nyasi kilichokuwa jiko la zamani nyuma ya nyumba, vinatupwa humo, na sisi tunarudi mbio, tunafunika kioo kwa leso, tunafunga mlango na kukaa katikati ya sebule mbali na kuta. Radi inatafuta chuma, alisema Kukhu. Ikikikosa hapa, inaenda zake. Nyumba yenyewe iliezekwa kwa mabati, lakini hilo hakuna aliyelitaja. Mabati yalikuwa juu, na Kukhu alishughulika na vya ndani.

Msimcheke. Sheria hiyo hakuitoa hewani. Nilipokuwa na miaka sita tulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi wa maziwa, na siku moja mvua ilimkuta amefungwa kwa mnyororo kwenye mti wa blugamu mwisho wa shamba. Tulisikia mlio mmoja tu. Tulipotoka, ng'ombe alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, na shingoni alikuwa na alama iliyoungua kuzunguka pale mnyororo ulipokuwa. Majirani walikuja na visu wakiuliza kama nyama inalika. Kukhu aliwafukuza, akaamuru achimbiwe shimo azikwe mzima. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa mtoto kusimama. Harufu ya manyoya yaliyoungua pua yangu haijaisahau hadi leo.

Sasa turudi kwenye kifua. Nilizaliwa na kifua kilichobonyea katikati, na kadiri nilivyokua ndivyo shimo lilivyozidi kuingia ndani. Shuleni waliniita Bakuli. Binamu yangu mmoja alinilaza chali siku moja, akamimina njugu karanga kwenye shimo langu na kuzila moja moja, wengine wakishangilia. Nami nilicheka, kwa sababu usipocheka wanajua wamekuweza. Nilivaa sweta hata jua likiwa la utosi. Lakini pumzi haifichiki kwa sweta. Nikipanda kilima kutoka chemchemi na mtungi wa lita tano, nilikuwa nikikaa chini mara nne, moyo unanidunda hadi masikioni, na watoto wa miaka saba wananipita wakiimba.

Mama alikuwa akisema nitakua, litajaa lenyewe. Kukhu ndiye aliyekataa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia mama mbele yangu. "Peleka huyu mtoto hospitali kubwa. Mimi nimezika wa kutosha." Nawaambia haya ili msije mkadhani alikuwa mwanamke wa kuogopa madaktari. Aliogopa radi. Madaktari aliwapenda, na alivaa viatu vyake vya kanisani kila alipokwenda kuwaona.

Tulikwenda Eldoret, mama, Kukhu na mimi. Daktari wa vifua alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akanivua sweta kwa upole na kupima shimo kwa vidole vyake. Akasema mfupa wa kidari umeingia ndani kiasi cha kuubana moyo na kuusukuma kando. Mama alishika mdomo. Kukhu akauliza kama nitapasuliwa kifua kama mbuzi.

"Hapana, shosho," daktari alisema. "Zamani tulipasua. Siku hizi natoboa matundu mawili madogo, hapa na hapa, chini ya kwapa. Kwa moja napitisha kamera nyembamba ili nione moyo ulipo, nisiuguse. Halafu napitisha hiki nyuma ya mfupa, nakigeuza, na mfupa unainuka."

Akatoa kwenye droo kipande cha chuma bapa, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kimepindwa kidogo. Akanipa nikishike. Kilikuwa baridi, na kizito kuliko nilivyotarajia. Alieleza kwamba kitakaa humo ndani miaka mitatu hivi, mpaka kifua kizoee umbo lake jipya, ndipo kitatolewa. Mama aliuliza kuhusu kuoga na shule. Kukhu aliuliza kama nitaweza kuzaa na kunyonyesha siku za mbele, akaambiwa nitaweza bila shida. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nina swali, na wakati huo kusema kweli sikuwa nalo. Nilikuwa nikitazama tu kile chuma na kufikiria kwamba miaka mitatu ni karibu theluthi ya maisha yangu yote.

Siku ya upasuaji nakumbuka dari ikipita juu yangu, taa baada ya taa, na barakoa ya mpira iliyonukia kama mfuko mpya wa plastiki. Niliambiwa nihesabu, nikafika nne. Nilipoamka nilidhani mtu amesimama kifuani mwangu na viatu. Sikuweza kugeuka, sikuweza kukohoa, sikuweza hata kulia, maana kilio kinahitaji pumzi na kila pumzi ilikuwa na bei yake. Chini ya kila kwapa nilikuwa na plasta moja ndogo tu. Ndilo lililonitisha zaidi. Maumivu makubwa namna ile, na tundu dogo namna hii? Nilijua basi kwamba jambo lenyewe limefanyika ndani, mahali nisipoweza kupaona.

Sista wa wodi ile alinifundisha kupumua upya. Alikuwa na kikopo cha plastiki chenye mipira mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuvuta pumzi hadi mipira ipande. Siku ya tatu nilifaulu kupandisha mmoja, akanisifu, nami nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Sista, hiki chuma ni chuma kweli, ama wanakiita tu hivyo?"

"Ni chuma kabisa, mrembo. Na hakishiki kutu."

"Kama jembe?"

"Jembe litaisha," alisema akicheka. "Hiki hakiishi."

Nilivuta pumzi nyingine na hakuna mpira uliopanda. Sista akadhani nimechoka. Mimi nilikuwa nimemwona ng'ombe.

Daktari aliniruhusu kurudi nyumbani na orodha ya makatazo. Nisibebe maji. Nisiiname kuokota kitu. Nisilale ubavu, nisikimbie, nisigongwe kifuani, nisibebe mtoto. Mama aliyakariri yote njia nzima. Nilisubiri nisikie neno kuhusu mvua, halikuja. Nilijiambia pengine huko Eldoret hawana sheria hiyo, au wanayo na daktari amesahau, kama watu wakubwa wanavyosahau mambo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na miaka kumi na chuma kifuani.

Mvua ya kwanza ilinikuta nyumbani siku ya tatu. Nilikuwa nimeketi wima sebuleni kama mgeni wa heshima, kifua kimeinuka, majirani wameshakuja kukishangaa. Anga likaiva. Kukhu alisimama mlangoni, akalitazama, akaanza kutoa amri, na mama akakimbia na majembe. Mdogo wangu Brayo, wa miaka mitatu, alibeba vijiko kwa mikono miwili kama kawaida yake. Mimi sikuruhusiwa kubeba chochote. Mlango ukafungwa, kioo kikafunikwa.

"Zimeisha zote?" Kukhu aliuliza.

"Zimeisha," mama akajibu.

Zilikuwa hazijaisha. Nilikijua kile kilichobaki, nilikisikia kikinibana kila nilipovuta pumzi, na kilikuwa kimekaa katikati kabisa ya sebule na familia yangu yote imekizunguka. Radi ya kwanza ilipolia, Brayo alikuja kwangu kama alivyozoea, akaweka kichwa kwenye mapaja yangu. Nilimsukuma. Akaanguka akalia.

"Mbona unasukuma mtoto?" Kukhu akauliza.

"Ananiumiza kifua."

Uongo huo ulipokelewa vizuri kwa sababu makatazo ya daktari yalikuwa upande wangu. Nilisogea hadi ukutani, mahali tulipokatazwa kukaa, nikabaki pale hadi mvua ilipokwisha. Hatukufa. Lakini nilijua kesho saa tisa itakuja nyingine.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nililifikiria sana, mtoto mwenye hofu hufikiria kuliko mnavyodhani. Nikisema, nilijiambia, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, Kukhu atafuata sheria yake, na sheria haikuwahi kubagua, hata sindano ilitolewa. Nitapelekwa kwenye jiko la zamani nikae na majembe, na nitakuwa nimepelekwa na watu wangu wenyewe. La pili, watanionea huruma, watanibakiza ndani, na radi itaingia ituue sote, Brayo akiwa wa kwanza kwa sababu hakuwa akibanduka kwangu. Sikujua lipi baya zaidi. Basi nikaamua kujitoa mwenyewe.

Mvua iliyofuata nilisema naenda chooni. Ile nyingine nilisema nimesahau kuku na vifaranga wake. Nilipita nyuma ya nyumba polepole, mgongo wima kama daktari alivyotaka, nikaingia kwenye jiko lile la nyasi na kujifungia. Lilinuka masizi ya kale na mavi ya panya. Kila umeme ulipopiga, makali ya majembe yaling'aa gizani, na mimi nilikaa katikati yake makusudi, nikitumaini radi ikija itachagua jembe na kuniacha. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata nilipokuwa najifungua. Meno yaligongana, na kugongana kwenyewe kuliniuma kifuani. Nilimwomba Mungu kwamba kama ni lazima, basi iwe haraka, na mama asinione nikiwa na alama shingoni. Sikuwaza kwamba mimi alama ingekuwa kifuani.

Nilikataa pia kulala na Brayo. Niliomba godoro langu liwekwe chini, peke yangu, hata mbingu zikiwa safi, kwa maana nani ajuaye. Nilikataa kukumbatiwa. Mama akija kunifunga nguo mgongoni, nilikaza mwili hadi amalize. Nilidhani ninawalinda. Wao waliona mtoto aliyebadilika.

Siku moja nilimsikia Kukhu akimwambia mama huku wakichambua mboga za kunde nje ya dirisha. "Huyu mtoto hapendi watu tena. Mvua ikikuja anatoka, heri anyeshewe kuliko kukaa na sisi. Mimi naona ile kamera iliguza moyo."

"Mama, daktari alisema hakuugusa."

"Alisema hataugusa. Si ndivyo alisema kabla aingize?"

Nikasikia mashina ya kunde yakivunjwa. Mimi pale ndani nilishika kifua kwa mikono yote miwili. Ikawa sasa nina chuma, na pengine nina moyo ulioharibika juu yake. Nililiamini hilo pia, mbona nisiliamini, kwani si kweli nilikuwa nimemsukuma mtoto mdogo akalia?

Siku yenyewe mama alikuwa amekwenda kupeleka majani kwenye kituo cha chai. Nyumbani tulikuwa watatu. Mawingu yalikuja mapema na yalikuwa na ile rangi ya kijani kidogo inayokuambia kwamba mawe yako njiani. Kukhu alitoa vyuma peke yake, akihema, mzee yule, kwa sababu mimi sikuruhusiwa kubeba na Brayo alikuwa na vijiko vyake tu. Alipokuwa akifunika kioo, nilifungua mlango nikatoka bila hata kutoa kisingizio.

Nilikuwa nimefika karibu na jiko la zamani niliposikia miguu midogo nyuma yangu. Brayo alikuwa amenifuata akicheka. Wiki nzima dada yake alikuwa akimkimbia, akaamua ni mchezo.

"Rudi ndani," nilimwambia. Akazidi kucheka. Jiwe la kwanza la mvua lilimpiga begani, akashtuka, akanyoosha mikono nimbebe. Nilirudi nyuma hatua moja, naye akaja hatua moja. Umeme ukapiga upande wa msitu. Nikaona wazi kwamba nikiingia jikoni ataingia, na kwamba mahali popote nitakapokuwa atakuja kuniegemea. Basi nikafanya lililokatazwa. Nikakimbia.

Nilikimbia kuelekea mashina ya chai kule chini, mikono nimeifunga kifuani, mawe yananipiga kichwani, na nyuma yangu kitoto kile kinalia jina langu. Mwisho wa mahindi niliteleza. Sikuwa na mikono ya kujizuia. Niliangukia kifua, na maumivu yaliyonipata yalinitoa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. Brayo akafika, akanilalia mgongoni akinishika shingo. Sikuweza kumtoa. Wakati huo huo mwanga na mlio vikaja pamoja, mahali fulani karibu sana, na ardhi ikatikisika chini yangu. Nilifumba macho nikangoja.

Nilipofumbua, Kukhu alikuwa amesimama juu yetu. Hakuwa na kitambaa kichwani, hakuwa na viatu, na mawe yalikuwa yakimpiga kwenye mvi zake. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona nje wakati wa radi. Aliinama kunishika.

"Usinishike, Kukhu," nikalia. "Niko na chuma. Iko ndani, hawakuitoa. Mchukue Brayo mwende. Radi inakuja kunichukua, itawaua."

Mkono wake ulisimama hewani. Nasema kweli mbele ya Mungu, ulisimama. Nilimwona akielewa, jambo moja baada ya jingine, chooni, kuku, godoro la chini, yote yakimpita usoni. Akaangalia juu, akaniangalia mimi. Kisha mkono ukashuka, ukanishika kwapani, juu ya ile plasta yangu, akaniinua. Brayo akamtupa mgongoni.

"Kukhu, tukimbie," nilisema.

"Daktari alikataza kukimbia," alisema. "Tembea polepole."

Tukatembea. Kutoka kwenye chai hadi mlangoni si mbali, lakini sijawahi kutembea safari ndefu kama hiyo. Kila umeme ulipopiga vidole vyake vilikaza mkono wangu hadi vikaniuma, na hakuongeza hatua hata moja. Alinikalisha katikati ya sebule, akanivua nguo zilizolowa, akanifunika blanketi na Brayo ubavuni. Halafu akatoka tena. Nilidhani ametuacha. Nilisikia vyuma vikigongana nyuma ya nyumba, na Kukhu akarudi amebeba majembe mawili na panga, akavitupa sakafuni mbele yangu. Akaenda mara ya pili akaja na sufuria. Mara ya tatu akaja na jiko la makaa, vijiko na nyundo ya baba. Mwishoni akaingia mwenyewe, akafunga mlango, akaketi kando yangu akihema.

"Leo zote zinakaa ndani," alisema. "Kama wewe unakaa, zinakaa."

Alinipitishia mkono. Kisha akaweka sikio lake juu ya kifua changu, kwa wepesi, kama mtu anayesikiliza kama maji yameanza kuchemka. Alisikiliza muda mrefu. Radi ilipiga mara mbili akiwa hivyo, na nilisikia mwili wake wote ukiruka, lakini sikio hakuliondoa.

"Kumbe moyo yako iko sawa," alisema. "Ulikuwa unatukimbianga juu ya kutulinda sisi." Ndipo akalia, na mimi nikalia naye ingawa kilio kiliniuma, na Brayo akalia kwa sababu tulikuwa tukilia.

Tulirudi Eldoret kwa haraka. Picha ilipigwa, hiyo hiyo niliyoisimamisha dirishani siku ya matanga, na daktari akasema nina bahati kuliko akili, chuma hakikusogea. Kukhu akamweleza habari ya radi mwanzo hadi mwisho. Daktari hakucheka, jambo ninalomshukuru hadi leo. Alituambia kwamba radi haitafuti kipande kidogo kilicho ndani ya mwili wa mtu, inapiga kilicho kirefu na kilicho wazi, miti, vilele, mtu aliyesimama shambani. "Mahali pabaya kuliko pote," aliniambia, "ni huko nje ulikokuwa ukienda." Kukhu alitikisa kichwa kukubali. Alimshukuru kwa mikono miwili.

Nami nilimwamini daktari. Haikuwa siku moja, lakini kidogo kidogo hofu ilinitoka. Kwa miaka ile mitatu hakuna chuma kilichotoka nyumbani kwetu. Mawingu yakipanda, Kukhu alifunika kioo, akafunga mlango, akaja akakaa kando yangu na mkono wake begani kwangu, hata nilipokuwa nimeshakua kiasi cha kuona aibu. Nilidhani ni mazoea. Nilidhani na yeye alishaelewa kama nilivyoelewa mimi, na nilijivuna kidogo kwamba chuma changu kilimfundisha mzee.

Kilitolewa nikiwa darasa la saba, kwa matundu yale yale, na siku mbili baadaye nilikuwa nyumbani, kifua kimesimama chenyewe. Ilikuwa saa tisa. Anga likaiva. Nilikuwa mezani na vitabu vyangu nilipomwona Kukhu akinyanyuka ghafla, akachukua jembe la kwanza, la pili, panga, akatoka nayo mbio mbio kuelekea jiko la zamani, na umri wote ule. Alirudi akakusanya vijiko.

Nilisimama mlangoni. "Kukhu, si daktari alisema radi haifuati chuma?"

"Alisema."

"Na si ulikubali?"

"Ningemwambia nini, mtu amesoma. Lakini yeye ni wa Eldoret. Radi ya huku haijui."

Nilijaribu kukumbuka mvua zote za miaka mitatu, kwetu ambako mvua ni karibu kila siku. Zilinishinda.

"Kwa hivyo wakati huo wote ulikuwa unajua itatuua?"

"Nilikuwa naogopa hivyo."

"Na kila mvua ulikuwa unakuja kukaa na mimi."

Kukhu alinitazama kana kwamba nimemuuliza swali la mtoto mdogo, na anga lilikuwa limeshaanza kunguruma.

"Sasa wewe ulitaka nikae wapi?" alisema, akanipa sufuria mbili nizitoe nje.